Saa, Mara, Muda: Neno Moja la Kiingereza na Njia Zake za Kifaransa

Hotuba iliyotolewa Kigoma mjini mbele ya walimu wa lugha, watu wa bandari na forodha, wahudumu wa afya na vijana wanaojifunza Kifaransa

Wazee wetu, walimu wenzangu, ndugu zangu wa bandari na forodha, wahudumu wa afya mliotoka Kasulu na Kibondo, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya Kifaransa katika mkoa wetu. Sitaanza na umuhimu wake, kwani nani wa Kigoma asiyeujua? Burundi iko hapo, Kongo iko ng'ambo, milima yake tunaiona hewa ikiwa safi, na boti zinazotia nanga Kibirizi zinashusha watu wenye Kifaransa mdomoni au kwenye hati zao. Leo nataka tukae na neno moja tu, tena la Kiingereza: “time”.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Mwaka 2006 watu wa kamusi za Oxford walipopekua hazina yao kubwa ya maandishi ya Kiingereza, waliona kwamba nomino inayotumika kuliko nyingine zote ni hiyo. Huwezi kusema Kiingereza nusu saa usiitaje. Sababu ya pili ndiyo iliyonileta hapa hasa. Katika kazi yangu ya kufundisha na kufasiri sijaona neno linalowapoteza wanafunzi wetu mapema zaidi ya hili wanapohamia kwenye Kifaransa, na kinachonisikitisha ni kwamba hawakupaswa kupotea. Njia walikuwa nayo nyumbani.

Naomba nieleze ninavyoliona jambo lenyewe. Mtoto wa Kigoma akitaka kusema kitu kwa Kifaransa hukiwaza kwa Kiswahili, au kwa Kiha. Kamusi aliyonayo ni ya Kiingereza na Kifaransa, kitabu alichonacho kinaeleza Kifaransa kwa Kiingereza, na programu ya kwenye simu nayo inamuuliza maswali kwa Kiingereza. Kwa hiyo wazo lake linapita kwanza kwenye Kiingereza, ndipo livuke. Sasa angalia linakopitia. Kiswahili kina saa, kina mara, kina muda, kina wakati, kina nafasi, kina zama, na kila moja lina kazi yake. Yakifika kwenye Kiingereza, karibu yote yanaingia katika “time”. Ni sawa na kumwaga mchele, maharage na dagaa kwenye gunia moja ili uvivushe ziwa, halafu ukifika ng'ambo uanze kuchambua punje moja moja. Maana Kifaransa nacho kimetenganisha. Kina “heure”, kina “fois”, kina “temps”, kina “moment”, kina “époque”. Na kwa sehemu kubwa kimetenganisha palepale tulipotenganisha sisi.

Hili ndilo ninaloliomba kwenu leo, walimu hasa: tuwafundishe watoto wetu Kifaransa kutoka Kiswahili.

Tuchukue mhudumu wa afya anayefanya kazi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo na baadaye ikapokea Warundi wengi. Mbele yake yuko mgonjwa mwenye homa, aliyesoma kwa Kifaransa, na Kiswahili chake ni cha mbali kidogo na chetu. Mhudumu ana maswali manne. Homa inapanda saa ngapi? Imepanda mara ngapi tangu juzi? Una muda gani tangu uanze kuumwa? Na wakati ule ilipoanza ulikuwa umekula nini? Mtu wa Kiingereza anaweza kuyauliza yote manne kwa “time”, na anayemsikiliza akamwelewa kwa maneno yanayolizunguka. Kwa Kifaransa, swali la kwanza ni “à quelle heure”, la pili “combien de fois”, la tatu “depuis combien de temps”, la nne “à ce moment-là”. Maneno manne kwa maswali manne. Sasa nitazameni mimi Mswahili: saa, mara, muda, wakati. Nilikuwa nayo yote manne kabla sijafungua kamusi.

Mhudumu aliyefuata kamusi ya Kiingereza atakuta kwamba neno la kwanza chini ya “time” ni “temps”. Akitaka kumwambia mgonjwa ameze dawa mara tatu kwa siku, atasema “trois temps par jour”. Mgonjwa atamkodolea macho, au mbaya zaidi, ataitikia kwa heshima kama watu wetu wanavyoitikia wakiwa hawajaelewa. Kinachotakiwa ni “trois fois par jour”. Ikiwa dawa ni ya kila baada ya saa nane, hapo ni “toutes les huit heures”. Mara ni “fois”, saa ni “heure”. Mhudumu aliyeanzia kwenye Kiswahili hawezi kukosea hapa hata akiwa amechoka, na kambini watu huchoka.

Nikae kidogo kwenye “fois”, kwa sababu ni neno zuri. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya zamu, yaani jambo kupokezana na jingine. Letu, “mara”, limetoka Kiarabu. Asili mbalimbali kabisa, lakini kazi yao karibu ni ileile hadi kwenye hesabu: sisi tunasema tatu mara nne ni kumi na mbili, wao wanasema “trois fois quatre font douze”. Nyumba mara mbili ya hii kwa ukubwa, “deux fois plus grande”. Mara ya mwisho tulipoonana, “la dernière fois”. Ukishalishika hilo utaanza kuliona limejificha ndani ya maneno mengine. “Parfois” ni mara nyingine. “Autrefois” ni zamani. Na msimulizi wa hadithi akiketi na watoto, pale sisi tunaposema hapo zamani za kale, yeye anaanza “il était une fois”, kulikuwa na mara moja.

Kuna mahali pawili pa kuangalia. “Mara nyingi” haina “fois”, ni “souvent”. Na “mara moja” yetu ina sura mbili. Nilikwenda Kalemie mara moja, hiyo ni “une fois”. Njoo mara moja, mgonjwa amezidiwa, hiyo ni “tout de suite”. Anayelifasiri la pili kwa “une fois” amemwambia daktari aje safari moja tu, wakati wowote apendao.

Sasa “heure”. Kwa jumla ni saa yetu, na swali la “quelle heure est-il” ni saa ngapi, bila mzunguko. Ila sisi tumelitwika neno saa mzigo mmoja ambao Mfaransa hakuutwika: chombo chenyewe. Saa ya mkononi kwao ni “montre”, ya ukutani ni “horloge”. Ukienda sokoni Bujumbura kununua saa, ulizia “montre”.

Pana jambo jingine humu ambalo watu wa boti wanatakiwa walijue sana. Kiingereza kina misemo miwili inayotofautiana kwa herufi moja tu, “on time” na “in time”, na wanafunzi huichanganya miaka nenda rudi. Kifaransa kimeiweka mbali: “à l'heure” na “à temps”. Meli iliyoondoka “à l'heure” imeondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Abiria aliyefika “à temps” amefika kabla mlango haujafungwa. Huenda alikimbia, huenda jasho linamtoka, lakini amepanda. Kiswahili cha abiria huyu hakihitaji nomino yoyote. Tunasema amewahi. Kitenzi kimoja, basi. Na kitenzi hichohicho tunakitumia tukiuliza “umewahi kufika Bujumbura?”, na huko Kifaransa kinageuka kabisa: “êtes-vous déjà allé à Bujumbura ?” Hakuna “temps”, hakuna “heure”, ni “déjà”. Kwa hiyo siwaambii kwamba Kiswahili kinafungua kila mlango wa Kifaransa. Nasema kinafungua mingi, na ule kisioufungua ni heri tuujue kwa jina.

Kabla sijaondoka kwenye “heure”, kuna msemo naupenda kuliko yote: “tout à l'heure”. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza hutaabika nao, kwa kuwa una maana ya muda mfupi uliopita na pia ya muda mfupi ujao. Nimemwona “tout à l'heure”, tutaonana “tout à l'heure”. Anauliza, inawezekanaje neno moja litazame nyuma na mbele? Mimi namuuliza: nyumbani mnasemaje? Ametoka sasa hivi. Anakuja sasa hivi. Hapo huwa anacheka, na hasahau tena.

Tuje kwenye “temps” lenyewe, na hapa ndipo penye mambo. Ndilo neno ambalo kamusi hulitanguliza, na kwa kweli ni pana. Ni muda: “je n'ai pas le temps”, sina nafasi. Angalieni hapo, sisi tunasema nafasi, kana kwamba muda ni mahali pa kukaa; ukilifasiri neno kwa neno ukasema “je n'ai pas de place”, umemwambia mtu kwamba huna kiti cha kumpa. Ni wakati: “il est temps de partir”, ni wakati wa kuondoka. Lakini wakati ule wa kuunganisha sentensi, wakati mvua inanyesha, wakati yeye analala, huo ni “quand” au “pendant que”. Ni zama pia, ingawa hapo wengi hupenda “époque”. Na tukikutana na rafiki tuliyepoteana naye tukasema siku nyingi, Mfaransa anasema “ça fait longtemps”. “Temps” imo ndani, imeshonwa.

Kisha “temps” ni hali ya hewa. Ndugu zangu wa ziwani, hapa naomba masikio yenu. “Quel temps fait-il ?” si swali la saa wala la muda, mtu anauliza hali ya hewa ikoje. “Beau temps” ni hali nzuri ya hewa. “Mauvais temps” ni hali mbaya, na “gros temps” ni ile ya mawimbi, ambayo mabaharia huiogopa. Ujumbe ukitoka ng'ambo ukisema kwamba boti imechelewa “à cause du mauvais temps”, karani anayesoma kupitia Kiingereza anaweza kuandika kwamba boti imechelewa kwa sababu ya wakati mbaya, na mwenye mzigo akakaa akidhani ni matatizo ya ratiba. Kumbe ziwa limechafuka. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673, na kiangazi, kuanzia kama Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki hulipiga kwa urefu wake wote na kuinua mawimbi njia nzima. Taarifa ya hali ya hewa ikifasiriwa vibaya katika miezi hiyo, waliomo hatarini ni watu, tena watu wetu.

Mtaniuliza, imekuwaje neno moja lichukue muda na hewa? Kwetu pia hayako mbali hivyo. Tunalo neno majira. Tunasema majira ya mvua, majira ya kiangazi. Na mtangazaji wa redio anasema ajali ilitokea majira ya saa nne asubuhi. Hali ya mwaka na saa ya siku zimeingia kwenye neno moja, na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa. Mvuvi wa dagaa naye anazifahamu hizi mbili pamoja: anatoka na taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu anapumzika, kwa hiyo kazi yake ina kalenda iliyoandikwa angani. Kwa hiyo mkifundisha “temps” ya hewa, anzeni na majira.

“Temps” ni pia njeo ya kitenzi. Neno “tense” la Kiingereza lenyewe lilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, ni “temps” hiyohiyo iliyovaa tahajia nyingine, kwa hiyo walimu wanaofundisha lugha zote mbili wawaeleze wanafunzi kwamba hayo ni ndugu wa damu. Katika muziki ni pigo. Na kwenye injini ni mkupuo wa pistoni. Mafundi wetu wa injini za boti waliipata wapi hii? Kwenye vijitabu vya maelekezo vya Kifaransa vinavyokuja na injini kutoka ng'ambo: “moteur à deux temps”, “moteur à quatre temps”. Ya “deux temps” ndiyo ile ambayo mafuta ya petroli yanachanganywa na oili. Ya “quatre temps” oili yake inakaa mahali pake. Aliyesoma kwamba hii ni injini ya nyakati mbili hataelewa kitu, na aliyeweka petroli tupu kwenye injini ya kuchanganya ataiua. Hapo Kiswahili hakitusaidii wala Kiingereza. Lazima ujifunze ufundi wenyewe.

Kuna maana nyingine za “time” ambazo nazipitia haraka. Kifungo cha gerezani, “peine”. Kufurahia mahali, “passer un bon moment”. Ratiba, na hapa Kifaransa kinagawa pale tusipogawa sisi: ratiba ya meli au ya basi ni “horaire”, ratiba ya shule ni “emploi du temps”. Kazi ya saa za ziada ni “heures supplémentaires”, na kazi ya kutwa ni “à plein temps”. Mpirani, mapumziko ni “mi-temps”, na dakika zile za nyongeza baada ya sare kwenye mechi ya mtoano ni “prolongation”. Vijana hayo watayajua bila mimi.

Sasa naomba niwarudie watu wa forodha na wenye maduka, kwa neno ambalo si “time” lakini limekaa mlangoni pake, na limewaletea watu hasara: “délai”. Hati za Kifaransa si ngeni hapa. Wabelgiji waliingia Kigoma mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, na Septemba mwaka huohuo wakaichukua Tabora. Waliitawala Kigoma hadi 1921, na hata walipoondoka, mkataba na Waingereza uliwaachia eneo lao maalumu bandarini hapa na jingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite. Kwa hiyo makarani wa Kigoma wamekuwa wakisoma “délai” kwa zaidi ya miaka 100.

“Délai” linafanana na “delay” ya Kiingereza, na kufanana huko ni mtego. “Délai” ni muda uliowekwa, mara nyingi ndio makataa yetu. “Délai de livraison” ni muda ambao mzigo unatakiwa uwe umefika. “Délai de paiement” ni muda uliopewa wa kulipa. Anayesoma kwa macho ya Kiingereza anaona muuzaji anakiri kwamba mzigo utachelewa, anakasirika, anavunja biashara. Kumbe muuzaji anaahidi. Kuchelewa kwenyewe ni “retard”. “Sans délai” ni bila kukawia. “Dans les délais” ni ndani ya muda uliokubaliwa. Tuna neno zuri la makataa na hatulitumii vya kutosha. Karani akiliandika pembeni mwa “délai” kwenye daftari lake, nusu ya ugomvi imekwisha.

Na palepale jirani yake kuna hesabu ya siku. Katika mazungumzo ya kawaida, Mfaransa akikwambia “dans huit jours”, huhesabu siku nane. Amekwambia wiki moja. “Quinze jours” ni wiki mbili. Wanaihesabu siku ya kuanzia ndani yake. Ukiona hivyo kwenye mkataba, usikisie: omba tarehe iandikwe.

Nimalizie na saa za ziwani, kwa sababu hapa hata mtu aliyejua kila neno nililolitaja anaweza kuachwa na boti.

Sisi tunaanza kuhesabu saa kutoka mapambazuko. Mfaransa anaanza usiku wa manane, na kwenye maandishi anakwenda hadi 24, kwa hiyo atakuandikia “14 h” kwa saa ya mchana. Hakuna hesabu iliyo ya asili kuliko nyingine. Wafaransa wenyewe, wakati wa mapinduzi yao, walitunga sheria mwaka 1793 ya kuigawa siku katika saa 10, kila saa dakika 100, na mwaka 1795 wakaisimamisha kwa kuwa watu hawakuizoea. Yetu ina sababu yake. Karibu na ikweta jua halihamihami. Hapa Kigoma siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hazipishani hata saa nzima, wakati Paris siku ya kiangazi ina mwanga wa kama saa 16 na ya baridi kali kama saa 8. Huko huwezi kuanzia saa zako kwenye macheo. Huku unaweza.

Lakini kuna jambo la pili, na hili wengi hulisahau. Burundi na Kongo ya mashariki ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tanzania nzima inafuata saa inayolingana na longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mbali baharini, na sisi tuko karibu nyuzi 30. Ndiyo maana jua letu huchelewa. Dar es Salaam likiwa limeshapanda, hapa ndiyo kwanza linachungulia, na mara nyingi inakaribia saa moja kamili ndipo tulione. Waumini wa Ujiji wanalijua hili kila siku ya Mungu: adhuhuri yetu inaingia karibu na saa saba, si saa sita. Kwa jua, Kigoma iko pamoja na Bujumbura. Kwa saa ya ukutani, iko pamoja na Dar es Salaam.

Kwa hiyo ujumbe ukitoka Bujumbura ukisema “le bateau part à 14 h”, fanyeni hesabu mbili. Kwanza ongeza saa moja ili ifike kwenye saa ya Tanzania: “15 h”. Kisha uilete kwenye Kiswahili: saa tisa alasiri. Anayefanya hesabu moja tu atasema saa nane. Huyo atasubiri saa nzima juani, na hilo si baya sana. Ubaya uko upande wa pili. Mfanyabiashara wa Bujumbura akiambiwa boti inaondoka Kigoma saa mbili asubuhi, akaandika “8 h” kwenye karatasi yake, akaitazama saa yake ya mkononi, boti itakuwa imeondoka saa nzima kabla hajafika. Kwake ilikuwa “7 h”. Msitegemee simu iwaokoe, maana simu nyingi zikinasa mnara wa ng'ambo hubadilisha saa zenyewe, na mwenye simu hana habari.

Katika barua, tiketi na jumbe zote za kwenda ng'ambo, nawaomba mwandike hivi, zote mbili, kila mara: “8 h, heure de Kigoma, 7 h, heure de Bujumbura”. Walimu, liwekeni hilo kwenye somo la kwanza la saa. Vijana wa boti, liandikeni ubaoni pale Kibirizi kwa chokaa kubwa.

Karibuni kwa maswali. Naomba tuanze na wahudumu wa afya, maana wana safari ya Kasulu.